Tupeane uzoefu: mnyama gani amekutia hasara, na sheria ilikukutaje?

Mkulima Ngare Nairobi: Wakuu, habari za leo. Jana nimelala shambani na debe na tochi, nikakumbuka mwaka ule nilioacha lindo usiku mmoja tu kwa sababu ya msiba. Asubuhi ekari mbili za mahindi tembo wameyalaza kama mkeka. Mmoja kaacha kinyesi katikati ya tuta, punje zangu zinaonekana humo nzima nzima. Nikaenda kwa mtendaji, nikajaza fomu ya kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Kilichokuja hakikurudisha hata hela ya mbegu. Leteni na yenu, si lazima tembo.

Bibi Kihamba: Huku Kibosho ni tumbili na ndizi. Tumbili hana kifuta jasho. Anakula huku anakutazama.

Kijana wa Sanya: Kweli kabisa mama.

Askari Mstaafu: Mnalima kwenye ushoroba halafu mnalia. Tembo wa Kitendeni wanapita hapo kwenda Amboseli tangu babu zenu hawajazaliwa.

Mkulima Ngare Nairobi: Shikamoo mzee. Kitendeni ni kwingine na kwangu ni kwingine. Shamba nina hati. Tembo ndiye hana.

Shemeji wa Wisconsin: Dada yangu kaolewa Marekani. Anasema kule kulungu wakizidi serikali inaongeza vibali vya kuwinda majike, maana ukipunguza madume peke yake idadi haishuki. Mtu anajaza friza. Sisi hata swala mmoja hapana?

Ticha Baiolojia: Wale si kulungu wetu. Wa kule pembe zinadondoka kila mwaka na kuota upya, wa kwetu pembe ni za maisha.

Shemeji wa Wisconsin: Ticha, nyama ni nyama.

Askari Mstaafu: Kuwinda kunaruhusiwa ukiwa na leseni. Usiku kwa tochi hapana, nyaya hapana, mashimo hapana. Na kanuni za bucha za nyamapori zipo tangu 2020. Nunua huko, dai risiti.

Boda Makuyuni: Hiyo risiti ndiyo imenitonesha kidonda. 2019, jioni, natoka Mto wa Mbu. Jamaa kanisimamisha na kiroba, anasema mbuzi wa kipaimara, tukapatana elfu saba. Kiroba akakiweka kati yetu. Njiani nahisi unyevu mgongoni, nikajua ni jasho. Kufika kizuizini napunguza mwendo, askari akanimulika: shati lote nyuma damu. Nageuka, abiria hayupo. Kiroba kimekaa kwenye siti kama mtu. Kwenye tundu lake umechomoza mguu mwembamba kama kijiti, kwato mbili nyeusi utadhani buni kavu. Digidigi wawili.

Nikaambiwa nyara za serikali. Neno hilo nilikuwa nalijua kwa pembe za ndovu, sio kwa kimguu kile. Kesi ikaitwa uhujumu uchumi. Kila nikipandishwa, "upelelezi haujakamilika", narudishwa rumande. Thamani ya digidigi ikasomwa kwa dola, mimi ambaye sijawahi kushika dola. Miezi saba. Mwanangu kaanza kutembea niko ndani. Mwisho ndio wakaona sina hatia, nikaachiwa.

Bibi Kihamba: Pole sana mwanangu.

Fundi Mabati: Nilikuja kuulizia dawa ya tembo, nimesahau kilichonileta.

Shemeji wa Wisconsin: Mimi ile ya swala naifuta.

Kijana wa Sanya: Ila mkuu, kwa nini hukufungua kiroba?

Boda Makuyuni: Wewe ukipanda basi konda anakufungulia begi?

Kijana wa Sanya: Nimeuliza tu.

Boda Makuyuni: Hata mwendesha mashtaka aliuliza tu.

Ticha Baiolojia: Fundi, dawa ni matambara yaliyoloweshwa oili chafu na pilipili ya kusaga, yafunge kwenye kamba kuzunguka shamba.

Mkulima Ngare Nairobi: Mvua ikinyesha unaanza upya. Bora mizinga ya nyuki, tembo anawaogopa.

Fundi Mabati: Mizinga niliweka. Tembo hawakuja. Walikuja watu, wakaiba mitatu.

Shemeji wa Wisconsin: Basi ile pilipili paka kwenye mizinga.

Bibi Kihamba: Boda, na pikipiki walikurudishia?

Boda Makuyuni: Kielelezo, mama. Mara ya mwisho nimeikuta kuku katagia kwenye siti. Na ilikuwa ya mkopo. Nimeulipa wote.