Kwani namba za Kiesperanto hazipatani na nomino?

Abiria wa Umoja
Hamjambo wakubwa, nimekuwa nikisoma Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, kwa simu nikiwa kwa matatu asubuhi kutoka Umoja hadi tao, sasa leo nimekwama. Nilitaka kusema nimenunua vitabu vitatu vipya, nikaandika "mi aĉetis trijn novajn librojn", programu ikanipiga nyekundu, eti ni tri tu. Mbona? Librojn imebeba -j ya wingi na -n ya shamirisho, novajn pia imebeba zote mbili, halafu tri inakaa katikati hapo bila chochote. Najua mtaani tunasema vitabu tatu lakini kwa karatasi ya mtihani hiyo ni maksi imeenda.

Mwalimu wa Zamani
Kijana wangu, hilo ni kosa la mtu anayejua Kiswahili vizuri, usijali. Kwa zile kanuni 16 za Zamenhof, yule aliyebuni Kiesperanto, ya nne ndiyo inasema namba za msingi hazibadiliki. Na wewe mwenyewe hufanya hivyo kila siku bila kufikiria. Unasema watu watano, watu wanane, lakini ukifika sita huwezi kusema watu wasita. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Kiarabu na zimekataa viambishi mpaka leo, hata kumi, ambayo ni yetu, inakataa. Basi kila namba ya Kiesperanto ichukulie kama sita.

Dada Rongai
Hiyo ya sita imenifungua macho hata mimi. Chunga tu ukipita kumi, sisi tunarudi kupatanisha, watu kumi na wawili, wao ni dek du na imeisha. Ila namba ikiwekwa -a mwishoni inageuka kivumishi na inafuata nomino yake, "mi legis la trian libron", nimesoma kitabu cha tatu, na hapo ndio nilikuwa nasahau -n kila mara mpaka nikaanza kuandika sentensi kumi kila jioni. Pia miliono ni nomino kamili, du milionoj da libroj, lakini mil, yaani elfu, haiguswi: du mil libroj.

Abiria wa Umoja
Asanteni sana. Kwa hivyo nikisema nimesoma kitabu cha kumi na mbili ni "la dek-duan libron"?

Mwalimu wa Zamani
Ndiyo hiyo, na kistari umeweka mahali pake.