Kumheshimu mama siku ya harusi

Swali: Ndugu zangu, ninaolewa mwezi ujao hapa Dar es Salaam. Baba alishafariki, nami ningependa kumheshimu mama mbele ya wageni bila kumliza ukumbini. Nifanye nini?

Jibu: Hongera, mdogo wangu. Usimwachie mshereheshaji maneno hayo. Wakati wa kumlisha mama keki, mtaje marehemu baba wewe mwenyewe, kisha umvishe mama kitenge ulichomchagulia.

Jibu: Huku pwani tuna mkaja, zawadi ya mama wa bibi harusi inayokumbusha nguo aliyojifunga tumboni baada ya kujifungua, na kwangu hakuna heshima inayoupita. Mchumba wako aukabidhi kwa mikono yake nyumbani, kabla ya ukumbi, ili mama akilia, alie miongoni mwa watu wake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitamweleza mchumba wangu leo jioni.