Kukagua mwili: wengine wanasinzia, wengine kifua kinabana. Nibadilishe nini?

Chausiku_T: Habari zenu wakuu. Kikundi ninachosimamia kinafanya zoezi la kukagua mwili kwa dakika 45: chali, macho yamefumbwa, fikra zinatoka vidole vya mguu wa kushoto mpaka utosini. Wengi wanakoroma kabla hatujafika magotini. Wawili, tukifika kwenye pumzi, kifua kinabana na vidole vinaingia ganzi. Nifanyeje?

Fundi_Pumzi: Punguza muda kwanza. Dakika 45 ni za kozi ya wiki 8 ya kupunguza msongo wa mawazo, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na washiriki wake hufanya karibu kila siku. Wanaoanza, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Wanaosinzia wakalie viti bila kuegemea, macho nusu wazi yakitazama sakafuni, na isiwe mara baada ya kula. Atakayesinzia hata hapo huenda ana upungufu wa usingizi, mwache alale.

Ganzi inatokana na maelekezo. Ukisema "vuta pumzi ndefu", mtu anavuta kwa nguvu kupita mahitaji yake. Kabonidioksaidi inashuka kwenye damu: mishipa ya ubongo inasinyaa, ndipo kizunguzungu, na asidi ya damu inapungua, ndipo ganzi ya vidole na midomo. Pumzi iwe ndogo, ya puani: kuingiza sekunde 4, kutoa sekunde 6, mabega yasipande.

Bi_Rehema: Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila hao wawili ningewaondoa kwenye pumzi kabisa kwa sasa. Kwa aliyepitia ajali au kipigo, kusikiliza kifua chake kunaweza kuamsha hofu. Afumbue macho, asikie nyayo zinavyogusa sakafu: kisigino, ukingo wa nje, kidole gumba.

Kisha mpe mjongeo. Alale chali, magoti juu, nyayo chini. Akivuta pumzi, kiuno kiinuke kidogo, kiganja kiweze kupita chini yake, makalio yabaki sakafuni. Akitoa pumzi, kiuno kirudi polepole mno kwa sekunde 6 hadi 8, halafu atulie kabisa kabla ya kurudia. Mara 5 tu. Thomas Hanna, Mmarekani aliyefundisha mazoezi ya mjongeo ya aina hii, alisisitiza huko kurudi polepole: ubongo unajifunza upya kuachia msuli uliozoea kukaza, kama paka anavyojinyoosha akiamka. Wengi wanaliharibu kwa kulifanya haraka kama zoezi la tumbo, au wanasukuma kwa miguu. Ukiona taya limekazwa, nguvu imezidi. Maumivu yakishuka mguuni aache, amwone daktari.

Chausiku_T: Ahsanteni sana. Na mjamzito je?

Bi_Rehema: Mimba ikishakua asilale chali muda mrefu, uzito wa tumbo unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Akae ukingoni mwa kiti na kuviringisha nyonga mbele na nyuma kwa mwendo uleule, au alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti.