Mji Mkongwe, kijiji cha kusini mwa Unguja, au Lamu: tuwapeleke wapi watoto?

BabaWawili, Dodoma
Ndugu wanachama, salaam. Mwezi wa saba, Mungu akipenda, tutakuwa na siku 5 za kusafiri na watoto wetu wa miaka 8 na 12, ambao bahari wameiona kwenye picha tu. Hatutafuti hoteli ya ufukweni; tunataka wajue watu wa visiwani wanaishije. Naomba ulinganisho wa waliofika.

BintiMkunazini
Karibuni sana. Anzeni Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Pale Mkunazini kanisa kuu la Kianglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, na mtoto wa miaka 12 atayaelewa atakayoelezwa. Huyo mdogo mzungumze naye kabla ya kuingia. Beit el-Ajaib, lile jumba la kihistoria, msiitegemee, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jioni mkale urojo.

MzeeWaPwani
Dada yangu amesema kweli, lakini mjini mtoto hutazama tu, ilhali kijijini hushika. Nendeni Paje, Bwejuu au Jambiani, mkaone kina mama wakifukua makumbi ya nazi yaliyozikwa pwani miezi kadhaa: yananuka hasa, kisha hupondwa kwa gongo mpaka usumba ukatoka, nao husokotwa viganjani ukawa kamba. Mwanangu alijaribu, kamba yake ikafumuka mara tatu, na bibi mmoja akamshika mikono bila kusema neno mpaka ikakaza. Siku ile hajaisahau. Tena mwezi wa saba ndio wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, kule Makunduchi, ambako wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti huchomwa, na mgeni hukaribishwa chakula hata kama hajulikani.

MwanaAmu
Kwetu Lamu, Kenya, punda ndio usafiri, mji wetu uliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, na katika kijiji cha Matondoni bado wanaunda majahazi. Hata hivyo, kwa siku 5 kutoka Dodoma sitawadanganya: njia itazila. Wekeni safari ya Lamu kwa likizo ndefu.

BabaWawili, Dodoma
Ahsanteni. Tutalala Mji Mkongwe usiku mmoja, siku zilizobaki tuwe kusini. Je, tunafikaje kwa hao kina mama bila kuwakera?

MzeeWaPwani
Pigeni hodi kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa au kijiji, kwanza, mama watoto ajitande kanga, na picha zisipigwe bila ruhusa. Mkimkuta mtu kazini, mnunulieni kamba au mkeka kwa bei yake, kwani muda wake ndio riziki yake. Kisha tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi: ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, maji hupwa mbali sana, na kina mama wanaolima mwani huwa wameshuka wote pwani.