Naomba ushauri: bomba la mashine ya kukaushia nguo

Hamjambo wenzangu. Dada yangu ana nyumba ya wageni hapa Malindi, upande wa Casuarina. Masika shuka hazikauki kambani, kwa hiyo tunategemea mashine ya umeme ya kukaushia. Siku hizi taulo zinazungushwa mara mbili na bado zina unyevu, huku mashine yenyewe inachoma ukiigusa. Kichujio tunakisafisha kila baada ya kukausha.

Ninaloliogopa ni bomba la kutolea hewa ya moto. Ni lile jepesi la kukunjika, lina kona mbili kabla ya kutoka nje, na kifuniko chake cha nje kimeliwa na kutu ya chumvi, hakifunguki sawasawa. Nyuzi za nguo zikijazana humo hushika moto upesi, na juu yetu ni paa la makuti! Nimeomba isiwashwe kwanza.

Fundi ataka kupuliza kwa kompresa kutoka ndani. Naona uchafu utazidi kujibana konani. Brashi ndefu si bora? Bomba gumu la alumini lapatikana hapa, au ni mpaka Mombasa? Shemeji naye ashauri wavu kule nje kuzuia ndege. Hautanasa nyuzi tena?