Mrejesho: ile sentensi ya konda nimeielewa

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa, ni somo la mantiki (logic), tunageuza sentensi kuwa alama: ∃x ni 'kuna kitu x', ∀x ni 'kila kitu x', A(x) ni 'x ni abiria', L(x) ni 'x amelipa', ¬ ni 'si kweli kwamba', na mshale → ni 'kama hiki, basi kile'. Niliuliza kwa nini sentensi ya konda "kuna abiria hajalipa" nikiandika ∃x(A(x) → ¬L(x)) mwalimu ananikosesha, wakati "kila abiria amelipa", ∀x(A(x) → L(x)), mshale uleule anaupa tiki. Niliona ananionea tu.

Mmoja wenu akaniambia fikiria vitu vyote vilivyomo kwenye daladala, sio watu tu, hata spea tairi chini ya siti. Nikakaa nayo, kumbe tairi sio abiria, na mshale ukianzia kwenye uongo sentensi nzima inahesabika kweli, yaani hata wote wawe wamelipa mpaka shilingi ya mwisho hilo tairi peke yake linanipa "kweli" 😂 Kwa hiyo kwenye "kuna" naweka "na": ∃x(A(x) ∧ ¬L(x)). Ila ukiiweka hiyo "na" kwenye "kila", umesema tairi nalo ni abiria na limelipa nauli, balaa.

Kilichonitesa zaidi ni Kiswahili chenyewe. Konda akisema "abiria wote hawajalipa", ni hakuna hata mmoja, ∀x(A(x) → ¬L(x)), au wapo waliobaki, ¬∀x(A(x) → L(x))? Kwenye jaribio niliandika zote mbili nikaeleza, nikapewa tiki. Maksi nilizopoteza ni za "kila abiria ana siti", nilitanguliza ∃ kabla ya ∀ nikawa nimewapakatisha wote kwenye siti moja.