Mafia au Pemba kwa kuzamia? Ijumaa natakiwa kulipa advansi

mgeni_wa_maji
Wakuu habari za jioni. Nina siku tano za likizo na vihela nimeviweka pembeni, nataka kwenda kuzamia, ile ya mtungi mgongoni, sio ya kuvaa miwani na kuelea juu juu. Nimekwama kati ya Mafia na Pemba. Unguja sitaki, mara ya mwisho Mnemba boti zilikuwa nyingi mpaka chini unaona miguu ya watu kuliko samaki. Mwenye uzoefu anisaidie.

kinasi_boy
Mafia, funga mjadala. Hifadhi ya bahari ya kwanza nchini hii, tangu 1995. Unalala Utende, asubuhi boti kidogo tu uko ndani ya Ghuba ya Chole. Pale mlango wa Kinasi, ule mwanya wa kutokea bahari kuu, unaingia na maji yanayojaa, unakuta chewa wametulia kama wazee barazani. Halafu Kilindoni kuna potwe. Pemba ana nini cha kujibu hapo?

nesi_kigamboni
Jamani mbona mnajibu wakati mtu hajasema anaenda mwezi gani? Na cheti ni kipi? Open Water mwisho wake mita 18, Advance mita 30. Mara ya mwisho kuzamia lini? Peke yako au na mtu? Mkuu rudi ujibu.

mpemba_halisi
Mie nimezaliwa Wete kwa hiyo sijifichi. Pemba mnazamia ukuta. Pale Misali unashuka, mkono mmoja matumbawe mpaka unachoka kutazama, mkono wa pili buluu tupu, chini huoni mwisho. Mkondo wa Pemba, ile bahari kati yetu na bara, una kina kikubwa, ndo maana jodari na nguru hupita karibu hivyo. Ghuba ya Chole ni bwawa zuri, sikatai.

kinasi_boy
Bwawa??? 😂

baharia_tanga
Ngoja niwasimulie, maana wapemba hawatokwambia. Mwaka juzi nilikwenda huko, kampuni siitaji. Siku yenyewe ni bamvua, yale maji makubwa, mwezi mpevu jana yake, mtoto yeyote wa pwani anajua siku hiyo mlangoni maji yanakimbia. Nahodha anasema msijali maji yamesimama. Tukaruka watu sita. Kufika kama mita 14 mkondo ukatuzoa, nashika jiwe linang'oka, nashika jingine naona kiganja kinachanika. Kugeuka nimwone kiongozi wetu, ile tai ya plastiki inayobana mpira wa mdomoni ikakatika, mpira umebaki kwenye meno na regyuleta yenyewe inaelea pembeni inatoa mapovu. Nikapapasa nikapata ile ya akiba ya njano, nikavuta, nikapata hewa yenye maji ya chumvi nusu. Tumeibuka, boti ni kidoa tu huko. Kiongozi anatoa boya la kuashiria analipuliza halijai, lina tundu! Tumeelea nadhani dakika arobaini mpaka akatokea mzee na ngalawa, na yeye kolekole kamshika kwenye mshipi hataki kumwachia, akatuambia shikeni mrengu hapo msubiri. Tukashika tukasubiri, watu wazima sita na mitungi yetu, mpaka kolekole akapanda. Ndo boti ikaja, nahodha ananiuliza "vipi, mmeona kasa?"

mpemba_halisi
Pole kaka, ila hapo kosa la kisiwa liko wapi? Ulikwenda na watu wabovu siku ya bamvua. Milango ya Njao na Fundo huendwa maji mafu, siku yasiyokimbia, au usubiri yasimame kweli. Hata huo Kinasi wenu maji yakitoka yanakutupa nje bahari kuu.

shemeji_wa_pwani
Mimi sizamii ila niliogelea na hao nyangumi wa Kilindoni, kitu kizuri sana.

kinasi_boy
Potwe sio nyangumi shemeji. Ni samaki, jamii ya papa, ana mashavu na anapumua majini. Tazama mkia, wa potwe umesimama wima, wa nyangumi umelala.

shemeji_wa_pwani
Sasa mbona guide wetu alisema nyangumi papa?

kinasi_boy
Guide wako ametoka bara huyo.

mgeni_wa_maji
Samahanini wakuu kazi zilinibana. Ni JULAI. Cheti Open Water, nimezamia mara nne, zote za kozi, na ile Mnemba niliyosema ilikuwa humohumo kwenye kozi. Naenda na mke wangu ambaye haogelei. Bado nataka kuona potwe.

nesi_kigamboni
😩 Nilijua.

baharia_tanga
Mara nne! Milango usikanyage, ya Pemba wala Mafia.

kinasi_boy
Julai ni upepo wa kusi, potwe msimu wake pale Kilindoni ni Oktoba mpaka kama Februari. Sio kwamba wanahama wote, watafiti waliwafunga vifaa vya sauti wakakuta wengi wapo tu, wametoka nje kidogo na kushuka chini. Ila kumwona juu ya maji mwezi huo ni bahati. Ndani ya Chole bado unazamia, tumekingwa.

mpemba_halisi
Kusi inapiga upande wa mashariki, siye tunazamia magharibi, kisiwa chenyewe ndo kinga. Na Julai nyangumi wa kweli wanapita, shemeji njoo.

nesi_kigamboni
Ukienda kwa ndege, daivu ya mwisho iache masaa 18 kabla ya kupaa, ikiwa 24 bora zaidi. Kwa hiyo siku zako tano zimeshakuwa tatu na nusu.

mgeni_wa_maji
Na mke afanye nini?

kinasi_boy
Kisiwa cha Chole, magofu na popo wakubwa juu ya miti, anatembea kwa miguu tu.

mpemba_halisi
Popo? Hebu mlete Kidike aone popo.

kinasi_boy
Wa kwetu wanatoka jamii ya Komoro.

mpemba_halisi
Wa kwenu Komoro wapo pia. Wa kwetu hapatikani popote duniani ila Pemba.

mgeni_wa_maji
Wakuu, advansi?